Wenye paka Mtwara na Lindi tukutane hapa: chakula, viroboto, sumu ya panya na hawa wa mtaani wanaozaa kila kukicha

mama_wa_vipaka:

Wakuu habari za saa hizi. Nimefungua uzi huu kwa sababu kila nikiuliza jambo la paka kwenye magrupu ya WhatsApp ya hapa Mtwara naishia kuchekwa, mara "dada tafuta mume", mara "hiyo hela ya dagaa nitumie mimi", na ukisema ukasome huko mitandaoni unakuta ushauri wa watu wa Ulaya, nunua hiki nunua kile, vitu ambavyo huku havipo na hata ukiagiza Dar bei yake unapata kiroba cha sembe na chenji inabaki. Kwa hiyo hapa tuongee wa huku huku, Mtwara, Mikindani, Lindi, Masasi, Newala, Kilwa, hata Tunduru karibuni, najua nyie ni Ruvuma ila korosho zetu moja.

Mi nipo Chikongola. Ninao wawili wa ndani na kuna hawa wasio na mwenyewe wanaokuja jioni nikianza kuparua samaki. Wa ndani hawanipi shida. Hawa wa nje ndo habari yenyewe, majirani wanasema mimi ndo nawaita, nikiwapa chakula wanaongezeka, nisipowapa wanaingia majikoni kwa watu wanaondoka na kibua kizima na kesi inaletwa kwangu. Na hilo la kuongezeka majirani wanasema kweli. Jike akishiba anazaa, mimba yake siku 63 hadi 65 tu, na anaweza kubeba nyingine huku bado ananyonyesha. Kale kajike ulikokaona katoto juzi, kakifika miezi mitano nako kanabeba. Piga hesabu mwenyewe.

Mi naona pwani hii chakula cha paka hakijawahi kuwa shida, shida ni uzazi, na kumlisha paka wa mtaani bila kumfunga kizazi ni kujiongezea kazi. Sasa nani kashawahi kumfunga paka kizazi huku kusini atuambie alienda wapi na ilikuwaje? Na wengine leteni changamoto zenu.

kibua_moto:

Dada karibu. Mi nipo Feri hapa mjini, nanunua samaki nauza. Paka wa hapa wanakula kuniliko mimi 😂 matumbo, mapezi, vichwa, vyote vyao. Ila msiwaonee wivu, wanakufa ovyo pia.

La kwanza bunju. Mvuvi akimkuta bunju kwenye wavu anamtupa mchangani, sisi tunajua haliwi, paka mgeni hajui. Sumu yake iko zaidi kwenye maini, mayai na ngozi, na haiishi hata ukimchemsha mpaka asubuhi. Utaona paka anaanza kuburuza miguu ya nyuma, mate yanamtoka, anatapika, baadae pumzi inakata huku macho yanakutazama. Dawa ya kuizimua hamna. Siku hizi nikimwona bunju katupwa namfukia, hata wenzangu nimewaambia ukimtoa kwenye wavu mrudishe baharini, usimwache hapa.

La pili mshipi wa kuvulia samaki. Paka anakuta kichwa cha samaki kina kipande cha mshipi ndani, anakula vyote. Kesho unamwona kitu kinang'aa pembeni ya mdomo kama unywele, au kimetokeza kule nyuma, na mtu mwenye huruma anakimbilia kuvuta. USIVUTE. Ule mshipi huko ndani umepita kwenye utumbo na utumbo umejikunja kwenye mshipi, ukivuta unaukata vipande. Wewe kata kile kilichoning'inia nje kama kinamkera, mengine ni ya dokta. Na ukiona ndoano imezama mdomoni hivyo hivyo, usijitie ufundi.

mmakonde_mtulivu:

Yani watu mna muda aisee. Babu yangu kule Newala alikuwa na paka wengi kuliko kuku, hajawahi kuwanunulia kitu, walikuwa wanakula panya ghalani basi. Nyie mnawalisha mnawadekeza afu mnashangaa panya wanacheza mdundiko darini. Paka mwache na njaa atafanya kazi yake.

ghala_la_ufuta:

@mmakonde_mtulivu mkuu hapo tofauti kidogo. Mi nipo Lindi, nina stoo ya ufuta na mbaazi, kwa hiyo paka kwangu ni mfanyakazi kama kuli. Mwenye njaa haendi kuwinda, anaenda kwa jirani kuiba maana kule ni rahisi. Aliyeshiba anakaa hapo hapo stoo na panya akipita anamrukia tu hata kama hana njaa, kuwinda kwa paka ni hulka. Wangu nawapa asubuhi na jioni na panya naokota.

Kinachoniudhi mimi ni tabia moja ya huku kwetu, msimu wa ufuta ukikaribia kila mtu anatafuta paka, "kaka nigaie hata kamoja", mzigo ukishaenda mnadani paka hana kazi, anatupwa sokoni au anabebwa kwenye kiroba kupelekwa kijiji cha pili. Hao paka shume mnaowalalamikia asilimia kubwa walikuwa na kwao.

mpangaji_chuno:

Mi nimepanga chumba kimoja na sebule, mwenye nyumba kakubali paka kwa sharti asisikie harufu. Nyumba haina uwanja wa udongo, nje kote zege. Nimejaribu kumfundisha aende nje hataki anajisaidia nyuma ya kabati. Nifanyeje na hela ya ule mchanga wa dukani sina wala hapa haupo.

mama_wa_vipaka:

@mpangaji_chuno pole jirani, hiyo nyepesi. Chukua dumu la lita ishirini, lipasue kwa ubavu upate kama karai, saga kingo zake kwenye sakafu zisimkate. Weka mchanga wa kujengea ulioanikwa juani ukakauka, au maranda ya kwa fundi seremala (yawe maranda, sio ile unga unga, atakohoa). Liweke mbali na chakula chake, paka hajisaidii anapokula. Akikosea nyuma ya kabati okota ile ya kwake iweke kwenye dumu apate harufu. Ukitoa uchafu kila siku hakuna atakayejua una paka, ukikaa siku tatu na joto hili la Mtwara hata mimi wa Chikongola nitajua.

Na sehemu aliyokojolea usipige zile dawa za kusafishia ambazo ukizitia maji zinageuka nyeupe. Paka anakanyaga, anajilamba miguu, na zile kwa paka ni sumu. Sabuni ya unga na siki inatosha.

bwana_mifugo_mstaafu:

Salaam vijana. Nimefanya kazi ya mifugo mikoa hii miaka mingi, sasa niko kwenye mikorosho yangu. Binti umeuliza swali zuri ngoja nijibu kwa kirefu kidogo.

Kufunga kizazi huku kunawezekana. Dhana kwamba ni mpaka upande basi uende Dar, au chuo cha kilimo cha SUA Morogoro kwenye hospitali yao ya wanyama, si kweli. Daktari wa mifugo wa halmashauri kasomea hiyo kazi, tatizo ni kwamba haitwi, anaitwa kwa ng'ombe, nguruwe na kuku, basi vifaa vya paka na dawa ya nusukaputi ya saizi hiyo hana mkononi mpaka umwambie mapema aviandae. Akija kwa paka mmoja utaona ghali kwa sababu unalipia usafiri, dawa iliyofunguliwa, kila kitu peke yako. Mkijikusanya watu wa mtaa mkawa na paka kadhaa siku moja gharama kwa kichwa inashuka. Hapo mimi ndipo naona mnapokwama, kila mtu anapambana na paka wake kivyake.

Dume anahasiwa kwa dakika chache, anaamka anarudi nyumbani. Jike anafunguliwa tumbo, kwa hiyo anahitaji sehemu safi ya kulala na mtu wa kumwangalia, kidonda kinachukua kama siku kumi hadi kumi na nne. Umri kuanzia miezi minne, mitano, msingoje azae kwanza, ile ya kwamba lazima aonje uzazi ni maneno ya vibarazani. Usiku wa kuamkia siku hiyo mkubwa asile, maji anywe. Anayenyonyesha msubirini watoto waanze kula wenyewe.

Hawa wa mtaani, wakishafungwa kizazi warudishwe pale pale walipotolewa. Watu hawanielewi nikisema hivyo, wanataka wapelekwe mbali. Ukiwaondoa, zile takataka za samaki zimebaki, panya wamebaki, basi baada ya muda paka wengine wanaingia na wanazaa upya. Ukiwarudisha wakiwa hawazai wanalinda eneo lao na idadi inapungua pole pole kwa wenyewe kuzeeka. Na daktari awakate kidogo ncha ya sikio la kushoto wakiwa bado wamelala, ili mwakani usimkamate yule yule kumpasua mara ya pili.

mmakonde_mtulivu:

Shikamoo mzee. Sasa dume akihasiwa si anakuwa zezeta? Panya tena atakamata?

bwana_mifugo_mstaafu:

Marahaba. Anakamata vizuri tu. Anachopunguza ni kuzurura, kupigana usiku na kukojolea kuta. Madume wanavyong'atana wanapata majipu, unaona paka shavu limevimba usaha unanuka, na kung'atana huko ndiko kunaambukiza ule unaoitwa ukimwi wa paka. Hauambukizi binadamu, msije mkaanza vurugu.

ghala_la_ufuta:

Mzee nisaidie hapa. Wangu mmoja ana viroboto mpaka anajichuna manyoya, kuna jamaa kaniambia chukua ile dawa ya kuogeshea ng'ombe ya kupe changanya kidogo tu muogeshe. Nimeinunua ipo hapa.

bwana_mifugo_mstaafu:

Irudishe dukani leo leo. Dawa nyingi za kupe za ng'ombe na hata za mbwa zina kitu cha jamii ya sipamethrini, pamethrini, deltamethrini. Ng'ombe na mbwa wanaivunja mwilini, ini la paka haliwezi. Ataanza kutetemeka masikio, mwili mzima, anapata degedege anakufa. Kama kuna mtu kashampaka tayari, amuoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, amkaushe, amkimbize kwa daktari.

Kwa viroboto ulizia dukani dawa iliyoandikwa PAKA, ya kudondosha nyuma ya shingo, soma uzito wake kwenye boksi. Ukikosa, chanuo la meno ya karibu karibu na beseni la maji ya sabuni, unachana unachovya, unachana unachovya, kazi ya jioni nzima lakini haiui mtu. Na ufue anapolala, maana viroboto vingi haviko juu ya paka, viko kwenye gunia analolalia, mayai na vitoto vyake vimo humo. Mtu anamtibu paka, gunia analiacha, wiki ijayo anasema dawa feki.

Halafu angalia mkiani na kwenye malazi yake. Ukiona vitu vyeupe vilivyokauka kama punje za ufuta wako huo wa stoo, hiyo ni minyoo tegu, na anaipata kwa kumeza kiroboto wakati anajilamba. Dawa yake ni prazikwanteli, lakini kama viroboto vipo itarudi tu.

nesi_wa_zamu:

Nimecheka hapo kwenye ufuta, mzee umeniharibia kashata 😂

Niongeze la upande wetu. Jamani Panadol. Tumewahi kuletewa hadithi na mama mmoja wodini, paka wake alikuwa anachechemea akampa kidonge, jioni akavimba uso na miguu, fizi zikawa rangi ya kahawia, asubuhi kafa, na yeye akawa anasema karogwa na jirani. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kuua paka mzima. Hakuna "nusu", hakuna "ya watoto ya maji". Diklofenaki pia hapana. Dawa zetu tubaki nazo.

mzaramo_aliyeoa_masasi:

Nesi nakuomba hapo hapo. Mke wangu mjamzito miezi mitatu, mama mkwe kaja toka kijijini kasema paka atoke ndani leo leo anaharibu mimba. Mke analia anampenda yule paka kuliko mimi. Nimsikilize nani?

nesi_wa_zamu:

@mzaramo_aliyeoa_masasi mama mkwe ana pointi ila hukumu yake kali. Kuna ugonjwa unaitwa toksoplazimosisi, kweli mjamzito akiupata kwa mara ya kwanza wakati wa mimba unaweza kumdhuru mtoto. Unapita kwenye kinyesi cha paka, sio kumshika wala kumpakata. Na kile kinyesi kikitoka hakiambukizi hapo hapo, kinahitaji siku moja hadi tano ndo vijidudu vikomae, kwa hiyo kikitolewa kila siku hatari inashuka sana. Anayekitoa uwe wewe baba, yeye asiguse. Kama hamna mtu kabisa avae glavu na anawe kwa sabuni.

Wengi wanaupata kwenye nyama isiyoiva na mboga zisizooshwa vizuri, mishikaki ile mbichi mbichi ya barabarani mjamzito aache hata kama hana paka. Na paka wenu msimpe nyama mbichi. Mama mkwe mpe heshima yake, mwambie kazi ya mchanga umeichukua wewe. Atafurahi pia kuona mkwe anafanya kazi.

mzaramo_aliyeoa_masasi:

Duh. Nilikuja kutafuta ushauri nimepewa zamu.

kivinje_ya_kale:

Assalaam aleikum. Mi wa Kilwa Kivinje, paka kwetu hana shida, anaingia mpaka msikitini anajinyoosha kwenye jamvi na hakuna wa kumfukuza, mabaki ya maji aliyokunywa unatawadhia. Shida yetu ni hawa WEUSI. Nina mweusi tii, kila wiki anarudi na jeraha la jiwe, watoto wanaambiwa na wazazi wao ni jini la mtu. Afu usiku madume wakilia juu ya bati ule mlio kama mtoto mchanga basi asubuhi baraza zima linajadili nani mchawi. Wanagombea jike jamani!

kibua_moto:

@kivinje_ya_kale mfunge kizazi uone kama uchawi hautaisha mtaa mzima.

mmakonde_mtulivu:

😂😂 hii nimeikubali

wa_naliendele:

Mimi langu zito kidogo. Majuzi jirani yangu kaweka sumu ya panya kwenye banda la korosho, zile chenga nyeusi nyeusi wanazouza kwa kupima, hazina hata jina. Paka wangu kakutwa anatetemeka, mate povu, kajikojolea. Watu wakaniambia mpe maziwa, mwingine mafuta ya kula, mwingine maji ya chumvi atapike. Hakufika hata barabarani. Nataka kujua kwa wenzangu ingefanyika nini.

bwana_mifugo_mstaafu:

Pole sana mwanangu. Zile chenga mara nyingi si sumu ya panya, ni viuadudu vikali vya shambani watu wanapima kwenye vikaratasi. Dalili ulizotaja ndizo zenyewe, na inakwenda kwa dakika hadi masaa machache. Daktari ana atropini, anaweza kumwokoa akimkuta mapema, lakini hakuna cha nyumbani ambacho ungefanya. Maziwa hayaui sumu. Mafuta yakiingia kwenye mapafu yanaongeza balaa. Chumvi nyingi nayo ni sumu juu ya sumu.

Wengine mjue kuna aina ya pili, zile za dukani za vipande vya buluu au waridi, zinazozuia damu kuganda. Hizo zinadanganya kwa sababu siku ya kwanza paka mzima anacheza, siku ya pili mpaka ya tano ndo unaona fizi nyeupe, damu puani, anahema kwa shida. Hiyo inatibika kwa vitamini K1 ikiwahiwa, kwa hiyo ukijua kala hata kama anaonekana mzima usisubiri, na beba paketi ya sumu uende nayo. Mwenye paka na mwenye sumu wakae waongee kabla, maana panya aliyekula sumu anatoka bandani anaenda kuliwa kwako.

ghala_la_ufuta:

Na ndo maana stoo yangu sumu haiingii kabisa. Huwezi kuajiri mlinzi afu ukamwekea sumu kwenye chai.

dada_wa_mtanda:

Jamani nipo Lindi mjini, nimekuta vitoto vya paka vinne kwenye boksi nyuma ya ukuta, macho bado yamefumba, vinalia. Nimewapa maziwa ya ng'ombe ya pakti kwa kijiko wamekataa. Msaada haraka!!

mama_wa_vipaka:

@dada_wa_mtanda shosti tulia. Kwanza boksi mtu kaliweka au mama yao kajifungulia humo? Kama ni pasafi na vinene, kaa mbali uchungulie, mama anaweza kuwa ameenda kutafuta chakula, ukivibeba umemwibia watoto.

dada_wa_mtanda:

Boksi la biskuti limefungwa kwa kamba. Kuna mtu kavitupa. Viwili ni vya baridi kabisa.

mama_wa_vipaka:

Mungu anawaona. Haya. Cha baridi usikipe chochote mdomoni mpaka kipate joto, tumbo lake halifanyi kazi. Chupa ya maji ya moto izungushie kanga, vilaze pembeni sio juu. Vikishapata joto tafuta maziwa ya mbuzi, yachemshe yapoe yawe vuguvugu, ya ng'ombe yanawaharisha. Tumia bomba la sindano jipya bila sindano. Kitoto kiwe kimelala kifudifudi kama kinanyonya kwa mama yake, usikilaze chali kama mtoto wa binadamu, maziwa yataingia kwenye mapafu. Tone kwa tone. Kila baada ya masaa mawili matatu, na usiku pia, andaa mtu wa zamu. Kila ukimaliza kulisha chukua kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, mfute taratibu sehemu za siri mpaka akojoe, vya umri huo haviwezi vyenyewe, mama yao ndo huwalamba. Hii watu wengi hawaijui, wanalisha vizuri afu vinakufa tumbo limejaa.

Ila njia bora kuliko zote ni kupata jike aliyezaa karibuni, wengi wanapokea. @ghala_la_ufuta wewe si upo hapo hapo Lindi?

ghala_la_ufuta:

Ninaye kazaa wiki iliyopita, ana watatu tu. Dada njoo PM nikuelekeze. Vipanguse kwanza na kitambaa alicholalia huyu wangu, nitakutolea, asisikie harufu ya ugeni. Na vikaguliwe kama vina viroboto tusije tukapeleka ugonjwa kwa wa kwangu.

mpangaji_chuno:

Aisee uzi umekuwa mtamu. Swali la chakula sasa. Wangu anakula ugali wa dona na mchuzi wa dagaa kila siku. Inatosha?

bwana_mifugo_mstaafu:

Anaishi, hatoshelezwi. Paka ni mla nyama wa kweli, ugali kwake ni kujaza tumbo. Kuna kitu kinaitwa taurini, kipo kwenye nyama na samaki tu, akikikosa muda mrefu macho yanapofuka na moyo unalegea. Fanya dagaa wawe wengi na ugali uwe wa kushikizia. Dagaa waloweke na uwachemshe umwage maji ya kwanza, chumvi na mchanga vitoke. Moyo wa kuku na filigisi ni vizuri sana na bei ndogo. Maini mara moja moja, yakiwa ndo chakula cha kila siku vitamini A inazidi mifupa inaharibika. Samaki mpikie, baadhi ya samaki wabichi wana kitu kinachoharibu vitamini B1. Mchuzi wenye kitunguu maji au saumu usimwekee, unaharibu damu yake, kwa hiyo mtolee chake kabla hujaunga.

Na maji. Watu wanaweka chakula wanasahau maji na huku joto. Ukiona dume anachuchumaa kwenye mchanga, anakamua, analia, mkojo hautoki, usiseme kafunga choo. Njia ya mkojo imeziba na hiyo inaua kwa siku mbili tatu. Ni ya kukimbia nayo.

nesi_wa_zamu:

Kabla hatujasahau, chanjo ya kichaa cha mbwa. Jina linadanganya, paka naye anaupata na anauambukiza. Anachanjwa kuanzia miezi mitatu na anarudia baada ya mwaka. Mikoa yetu hii ya kusini miaka ya 2010 iliwahi kuwa kwenye mradi mkubwa wa kuchanja mbwa kutokomeza kichaa, wazee wanakumbuka, kwa hiyo sio jambo geni. Fuatilieni matangazo ya halmashauri karibu na tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani, mara nyingi chanjo zinatolewa kipindi hicho.

Na wanaoshika hawa wa mtaani, uking'atwa au kuparuliwa osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, usipake mafuta ya taa wala pilipili, afu njoo hospitali siku hiyo hiyo. Dalili zikianza kwa binadamu hamna tena tiba.

mama_wa_vipaka:

Asanteni wote. Mzee nimeongea na daktari mmoja baada ya kusoma maelezo yako, amekubali kuja Chikongola Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ataleta nusukaputi na chanjo, tukifikisha paka kumi na zaidi anapunguza bei. Mwenyekiti wa mtaa nimemwambia, katupa ile ofisi ya mtaa ina meza kubwa. Wa Shangani, Chuno, Magomeni mnaotaka njooni PM niwaandike. Jirani yangu aliyekuwa ananisema kachangia wa kwanza, alisema bora hiyo kuliko kununua kibua kila siku 😂

Sasa shida iliyobaki, hawa wa mtaani hawashikiki kwa mkono. Nahitaji matenga yenye kifuniko, yale ya kubebea kuku. Ukishamwingiza unafunika na kanga nzito akiwa gizani anatulia. Nani ana tenga la kuazima?

kivinje_ya_kale:

Na sisi wa Kilwa je? Au ndo mpaka weusi waishe?

bwana_mifugo_mstaafu:

@kivinje_ya_kale nenda ofisi ya mifugo ya wilaya, andika majina ya wenye paka kumi upeleke orodha, usiende peke yako na paka mmoja kwapani. Wakiona orodha wanakupangia siku.

kibua_moto:

Tenga ninalo dada, mawili, ila yananuka samaki vibaya mno nimeyaosha mpaka nimechoka.

mama_wa_vipaka:

Usiyaoshe tena! Yalete hivyo hivyo.